Albamu ya Yatima Mwenye Mama

Oktoba 4

Leo nimeanza albamu yangu ya kwanza, na nimeanza kuandika haya ili siku watu wakiniuliza ilitengenezwaje, nisibabaike na kubuni.

Studio ni chumba kimoja nyuma ya nyumba anayopanga Eloge, upande wa ziwa hapa mjini Baraka. Ukutani ametundika mablanketi ya kijivu ya wakimbizi ili sauti isirudi. Eloge Niyonkuru ni Mrundi. Alikimbilia huku na mama yake mwaka ule wa vurugu za kwao, akakulia kambini Lusenda, akajifunza kinanda kanisani. Wanakwaya wote wa Baraka wanasema hakuna mwenye masikio kama yake.

Shida ni bati. Chumba hakina dari. Tone moja likianguka juu, Eloge anavua kaske masikioni na kusema, «Dada Nadège, tungoje.» Leo tumengoja tangu saa nne hadi jioni. Nimeimba mistari miwili tu.

Oktoba 6

Mvua. Hatukurekodi.

Oktoba 9

Tumefika kwenye wimbo wa nne, ule niliokuwa nikiuogopa. Niliutunga nikiwa shuleni na sijawahi kuuimba mbele ya mtu.

*Mama, mkeka wako umesimama ukutani,*
*nani ataulaza chini?*
*Mlango nimeuacha wazi,*
*ni mvua ndiyo imeingia.*

Nilipomaliza, Eloge alivua kaske. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, «Mama yako alikufa lini?»

Ningeweza kusema, «Hakufa.» Neno moja. Badala yake nikajibu, «Nilikuwa mutoto ya miaka tisa.»

Hapa niandike ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia. Baba alikufa ziwani, mtumbwi ulipinduka karibu na Ubwari. Mwaka uliofuata mama yangu, Adolphine, mzaliwa wa Lubondja, aliniacha kwa shangazi akaenda Misisi kwenye dhahabu. Alisema atarudi mihogo ikiiva. Yuko huko mpaka leo. Ana nganda: meza, viti, chupa za pombe, na wachimbaji wanaotoka mashimoni. Alikuja Baraka mara mbili nikiwa shule. Mara ya pili alinifuata hadi uwanjani, amevaa kikwembe cha kung'aa, anacheka kwa nguvu na kuniita kwa jina la utoto. Wenzangu wakauliza, «Yule mama wa pombe ni nani?» Nikasema simjui. Nikaingia chooni, nikakaa humo mpaka kengele ilipolia.

Kwa hiyo leo nilikuwa na njia mbili: kuwa mtoto wa mwanamke wa Misisi, au kuwa mtoto wa marehemu. Nilichagua bila hata kufikiri. Hilo ndilo linalonitisha.

Oktoba 10

Eloge ameweka kinanda chini ya sauti yangu. Ni kama mtu anatembea taratibu nyuma yangu bila kutaka kunifikia. Alikuwa analia akipiga. Alipomaliza akajifuta kwa kola ya shati, akaniambia mama yake, Marie-Goreth, alikufa kambini Lusenda kwa kipindupindu, na kwamba tangu siku hiyo hakuweza kumlilia.

«Nilikuwa nasema, mi ni mwanaume, nitalia siku ingine,» alisema. «Leo njo ile siku. Aksanti, dada. Sisi mayatima tunajuana.»

Nilitazama mablanketi. Sikupata pa kuweka macho yangu.

Oktoba 15

Mvua tangu asubuhi. Nimemsaidia shangazi kumenya mihogo.

Oktoba 21

Shangazi Georgette, dada ya baba, ndiye aliyenilea. Ni mshauri wa bamama kanisani, mtu wa kunyoosha kikwembe hata akiwa peke yake chumbani. Leo amesikiliza wimbo kwenye simu yangu, mkono shavuni.

Nikamwambia, «Shangazi, Eloge anafikiri mama alikufa.»

Alichukua ungo, akaanza kupepeta unga. Kisha akasema, «Na we ulimuambia nini?»

«Sikumuambia kitu.»

«Basi usimuambie. Mutoto yangu, mu kanisa batakuita wewe kuimba. Ukisema mama yako anauzisha pombe Misisi, batauliza na ingine anauzisha nini. Bora iwe vile.»

Nilishukuru. Nilimwona kama ukuta nyuma ya mgongo wangu.

Oktoba 22, 23, 25

Mvua, mvua, mvua.

Novemba 2

Nimeenda redioni. Mtangazaji ni Norbert, yule mwenye kipindi cha nyimbo za Mungu kila alhamisi. Mtu mwema, ana sauti ya mafuta. Kabla ya kupiga wimbo wa mkeka alisema, «Wasikilizaji, huyu dada iko yatima. Dada Nadège, ni kweli?»

Nikajiambia: baba alikufa, na asiye na baba ni yatima, hata Biblia inasema. Sidanganyi.

«Eee, ni kweli,» nikasema.

«Mama alienda wakati ungali mudogo?»

«Eee. Alienda.»

Kila neno lilikuwa kweli. Nimerudi nyumbani nikiyarudia maneno hayo kama mtu anayesafisha mikono. Hayatakati.

Novemba 5

Sokoni mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, amenishika mkono. «Si we njo ule yatima ya mu radio?» Akanifungia ndagala, rundo zima. Nikakataa, akanilazimisha, machozi yanamlengalenga. Nyuma yake wengine wakaanza kusema, «Pole, mutoto. Mungu iko baba yako.»

Nilizichukua. Tumezila jioni na ugali, na shangazi aliomba kabla ya chakula, akamshukuru Mungu kwa mioyo ya watu wema. Tulisema amina, mimi na yeye, bila kuangaliana.

Novemba 11

Nimefanya jambo baya zaidi, na hili siwezi kumtupia mtu mwingine.

Norbert alinitumia ujumbe kwamba watu wanaupenda wimbo lakini unakatika mapema, unahitaji beti moja zaidi, «kitu cha kugusa.» Nilikaa mlangoni asubuhi nzima, mvua inapiga mawimbi ya ziwa. Na beti ikaja. Ilikuja kirahisi, kama iliyokuwa inangoja kuitwa.

*Udongo wako haujakauka, mama,*
*nimepanda ua, limeoza.*
*Niambie huko uliko*
*kama kuna mtu anayekufunika.*

Ni beti nzuri. Hilo lazima niandike pia. Nilipoiimba peke yangu nywele zilisimama, na nilifurahi. Nilifurahi kama fundi anayeona mlango umeingia sawasawa kwenye fremu. Ni baadaye, nikiosha vyombo, ndipo nilipotambua kwamba nimemchimbia mama yangu kaburi na nimependezwa na kazi yangu.

Novemba 12

Mvua ilikatika saa saba. Tumerekodi ile beti mara moja tu. Eloge alisema, «Hii njo ilikuwa inakosekana.»

Novemba 19

Mvua. Ziwa limepanda hadi kwenye migomba ya jirani.

Novemba 26

Vijana wa pikipiki wanasambaza wimbo kwa simu. Mmoja aliyetoka Fizi juu ameniambia hata huko unapigwa, na Lulimba, na mbele zaidi.

Sikumuuliza mbele zaidi ni wapi. Baada ya Lulimba kuna Misisi.

Desemba 1

Simu iliita nikiwa natandika kitanda. Namba nisiyoijua. Sauti nzito kidogo, ya mtu anayezoea kusema juu ya kelele.

«Allô, Nadège? Ni mi.»

«Ni wewe nani?»

«Ule mwenye kufa.»

Nilikaa sakafuni.

«Usiogope,» akasema mama, akacheka, kisha kicheko kikamkwama. «Kijana mmoja alikuja na ile wimbo mu simu yake. Mi nikasema, hii sauti naijua, ni sauti ya kwetu, ya mama yangu mwenyewe. Akaniambia, ‹Mama Ado, huyu mutoto mama yake alikufa, anaimba sana.› Nikamuwekea bia ya bure. Nikamuambia, kweli, anaimba sana.»

Niliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

«Nadège. Uko unasikia?»

«Nasikia, Mama.»

Nadhani nilikuwa sijalisema neno hilo kwa mtu hai kwa miaka mingi.

«Nataka kukuuliza kintu moja tu. Sina hasira. Mulinizika wapi? Juu unasema udongo haijakauka. Ni udongo ya wapi? Ya Baraka, ao ya kwetu Lubondja?»

Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua chumba atakachopewa. Nikalia. Akaningoja nimalize, kisha akasema, «Nilisikia mutatoa albamu mu kanisa, mbele ya Noeli. Nakuja.»

Na mimi, na machozi yangu bado usoni, nikasema, «Mama, njia iko mubaya. Mvua ni mingi. Usije.»

Nyuma yake nilisikia chupa, na mtu akiita, «Mama Ado!»

«Njia iko mubaya,» akarudia mama. «Ni kweli. Sawa, mutoto yangu.»

Alikata. Kwa dakika kadhaa nilijisikia nimepona, ndiyo, nimepona hatari. Halafu nikaingiwa na aibu ambayo sijapata kuijua. Zamani nilimwonea haya mama. Leo haya imegeuka, inanitazama mimi.

Desemba 2

Mvua.

Desemba 8

Nimemwambia shangazi kuhusu simu. Alishika kiti. «Anakuja?»

«Nilimkataza.»

«Ulifanya vizuri,» akasema. Lakini alisahau sombe, mboga ya majani ya mihogo, motoni, likaungua, na shangazi hajawahi kuunguza sombe.

Desemba 14

Mvua haikukatika, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Nyimbo nane. Eloge amechagua picha ya jalada: mimi nimeinamisha kichwa. Anasema nafanana na mtu anayeomba. Mimi naona mtu anayekwepa.

Desemba 17

Sherehe imekwisha. Niandike yote leo kabla sijaanza kuyapamba.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mvua ilitupa nafasi, anga lilikuwa jeusi lakini limeshikilia. Nilivaa nyeupe. Eloge alikuwa kwenye kinanda, shati limepigwa pasi. Shangazi alikaa mstari wa mbele na bamama wenzake, kitambaa kichwani kimesimama kama taji. Norbert ndiye aliyekuwa msemaji.

Nyimbo tatu za kwanza zilienda vizuri. Watu walicheza, watoto walipanda juu ya mabenchi. Kisha Norbert akainua mkono.

«Wapendwa, mbele ya ile wimbo yenye munangojea, tufanye kintu moja. Yule mama mwenye kuzaa hii sauti haiko hapa. Tusimame wote, dakika moja ya kimya, juu ya mama ya Nadège.»

Watu wakasimama. Unajua mlio wa watu wengi wakisimama kwa pamoja kanisani, mabenchi yakikwaruza sakafu. Nikainua macho ili niyaelekeze mahali popote, na nikamwona.

Alikuwa karibu na mlango, upande wa bamama. Matope yamemfika magotini. Amenenepa, amezeeka, kikwembe chake ni cha kawaida, rangi ya udongo, kama aliyetaka asionekane. Alikuwa bado amekaa. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona kila mtu amesimama. Basi naye akajiinua, mkono juu ya benchi la mbele, taratibu, kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Akaweka mikono pamoja. Akainamisha kichwa.

Mama yangu alisimama dakika nzima kwa ajili ya kifo chake.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa amegeuka kidogo, na najua alimwona, kwa sababu mkono wake ulipanda kwenye kitambaa kukinyoosha ukabaki huko huko juu. Kulikuwa na mikro mkononi mwangu, imewashwa. Ningesema, «Mama yangu ni yule pale.» Maneno matano. Norbert akasema amina, Eloge akaanza kinanda, na mimi nikaimba.

Niliimba vizuri kuliko siku yoyote. Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye beti ya udongo watu walilia kwa sauti, mwanamke mmoja alianguka na kubebwa nje. Niliimba nikimtazama mama, naye alinitazama, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, akiufuata wimbo. Alikuwa ameshaujua wote kwa kichwa.

Watu walipokuja mbele kunipongeza nikampoteza. Nilipofika mlangoni, mvua ilikuwa imeanza.

Desemba 18

Nimemtafuta kituo cha pikipiki. Kijana mmoja aliniambia mama mmoja mnene aliondoka jana ile ile kuelekea Fizi, chini ya mvua, amejifunika mfuko wa plastiki. Alikataa kungoja ikatike.

Shangazi hakwenda maombi. Nilimkuta jikoni, kichwa wazi, bila kitambaa. Sijui mara ya mwisho niliziona nywele zake lini. Zimekuwa nyeupe.

«Baba yako alipokufa,» akasema, «ni mi nilisema nyumba ni ya ndugu yangu, Adolphine arudi kwao Lubondja. Hakuwa na pa kurudi. Njo akaenda Misisi. Halafu nikamucheka juu alienda Misisi.» Alichukua mwiko, akauweka tena. «Tulimuzika wote wawili, Nadège. We kwa wimbo tu.»

Nilikuwa nimekuja kumlaumu. Nilikaa chini, nikamsaidia kuwasha moto.

Desemba 20

Nimemwambia Eloge.

Alikuwa anapanga nyaya. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayetapika. Mama yangu iko hai. Iko Misisi. Alikuwa mu kanisa.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepiga kelele.

«Alikuwa mu kanisa,» akasema. «Wakati wa kusimama?»

«Eee.»

«Na we ulinyamaza.»

«Eee.»

Akakaa mbele ya kompyuta, mgongo kwangu. «Mi nilikupa mama yangu,» akasema. «Siku ile. Nilikuwa nimemuchunga miaka yote ndani ya kifua, sikumupa muntu. Nikakupa we, juu nilisema huyu anajua. Na we haukujua kitu.»

Mvua ilianza kupiga bati. Kwa kuzoea, mkono wake ulienda kuzima mashine, ingawa hatukuwa tunarekodi.

«Kinanda nakitosha, nakiondoa mu ile wimbo,» akasema. «Wimbo ni yako, beba. Kinanda ni ya mama yangu.»

Desemba 21

Mvua.

Desemba 27

Niko Misisi. Nimefika jana nikiwa tope mtupu. Kutoka Fizi kuelekea Lulimba barabara ni mfereji. Mara nyingi tulishuka na kusukuma pikipiki, na mara moja tuliilaza begani mwa watu wanne kuvuka kijito. Kila tulipokwama nilifikiria: yeye alipita hapa kwenda na kurudi, na nilikuwa nimemwambia njia ni mbaya.

Nganda ya mama ni mbao na turubai. Nilimkuta anagawa ugali na nyama kwa wachimbaji, jasho linamtiririka, anawatukana kwa upendo. Aliponiona alisimama na sahani mkononi. Hakunikimbilia. Alitazama kwanza wateja wake, kisha mimi, na nikaelewa kwamba alikuwa ananiwekea nafasi ya kuchagua.

Kijana mmoja, anaitwa Guy, akauliza, «Mama Ado, huyu ni nani?»

«Mutoto ya rafiki yangu ya Baraka,» mama akasema haraka. «Anapita tu. Kaa, binti, nikuletee chakula.»

Alikuwa ananificha. Alikuwa ananilinda na yeye mwenyewe.

«Mi ni mutoto yake,» nikasema. «Ni mama yangu. Alinizaa.»

Guy alinitazama vizuri. «Ngoja kwanza. Hii sauti… Si we njo yatima wa mukeka?»

«Ni mi.»

Baadhi walicheka. Guy hakucheka. Alisogeza sahani mbali. «Mi nililia na ile wimbo,» akasema. «Mu shimo, chini kabisa, nililia mbele ya bandugu. Nilimulilia huyu mama hapa mwenye kunipa chakula kila siku?»

Mama akarudisha sahani mbele yake. «Kula, Guy. Muache mutoto. Hapa Misisi sisi wote tulishakufa kwetu. Nani kati yenu anapiga simu nyumbani?»

Waliinamia sahani zao. Wakala.

Desemba 28

Asubuhi tumeosha masufuria pamoja nyuma ya nganda. Nikamuuliza kwa nini alisimama kanisani.

«Batu yote walisimama,» akasema. «Ningebaki mwenye kukaa, bangesema angalia ule mama, hana heshima ya wafu.»

Akacheka. Mimi sikuweza.

«Ulikuwa unanionea haya,» akasema, akisugua. Halikuwa swali.

«Eee, Mama.»

«Hata mi. Njo maana mihogo iliiva na sikurudi. Kila mwaka nilisema nitarudi na kintu mukononi.» Akamwaga maji. «Mu ile wimbo, kile kinanda. Ni nani anapiga?»

Nikamweleza habari za Eloge na Marie-Goreth. Aliacha kusugua. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa mkali.

«Mi, ulinizika, sawa, mi ni mama yako, nitafufuka,» akasema. «Lakini ule kijana ulimukosea kweli. Tutaenda pamoja.»

Januari 11

Nimeenda redioni na kusema ukweli. Norbert hakutaka, alisema tungeacha maji yapite. Nilimwomba, akaniacha niseme. Nilisema mama yangu ni mzima, anaitwa Adolphine, anauza chakula na pombe Misisi, na kwamba beti ya udongo ni uongo wangu, si wa Eloge. Mkono wangu uliacha jasho juu ya meza yake.

Kanisani wameniondoa kwenye kwaya kwa muda. Shangazi alisimama mbele ya bamama akasema kosa ni lake pia. Walimsikiliza bila kumtazama.

Januari 15

Sokoni: «Yatima! Mama anasalimia?» Yule muuza ndagala aliniona. Aligeuza uso. Huyo ndiye aliyeniumiza.

Januari 20

Mvua. Mama, niliyemtangulia kurudi, amefika kwa shangazi. Walisalimiana kwa mikono miwili kama wageni, kisha wakaanza kubishana juu ya chumvi.

Januari 28

Leo tumeenda Lusenda.

Mama ndiye aliyekwenda studio kumwomba Eloge radhi, peke yake, alinikataza kufuata. Sijui walisema nini. Alirudi na neno moja tu: jumapili, baada ya ibada, mahali anapolala Marie-Goreth.

Tangu alfajiri nilikuwa nimejitayarisha. Nilikunywa maji ya tangawizi kulainisha koo. Nilipanga kuimba wimbo wa mkeka pale kaburini, bila ile beti, bila kinanda, kwa ajili ya mama wa Eloge. Njia nzima, ziwa likiwa kulia kwetu, kila tulipokata kona, nilikuwa nauimba kimoyomoyo. Nilifikiri wimbo utampata mwenyewe, na labda nami nitapumua.

Makaburi yako nyuma ya kambi, kwenye mteremko. Mvua za miezi hii zimeotesha majani hadi kiunoni. Eloge alitangulia, akatafuta, akarudi, akatafuta tena. Msalaba ulikuwa umeanguka. Alipoupata alichuchumaa, akafuta jina kwa kiganja. Mama akasogea.

«Anaitwa Marie-Goreth nani?»

«Nijimbere.»

«Marie-Goreth Nijimbere,» mama akasema, akizungumza na majani. «Mi ni Adolphine. Mutoto yangu alikopa kilio yako bila kuuliza. Nimemuleta.»

Nilisogea mbele. Nikanyoosha shingo, nikavuta pumzi.

«Hapana,» Eloge akasema.

Nikabaki na pumzi kifuani.

«Leo hakuna kuimba. Siku ingine, sijui. Leo hapana.» Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu. Alitoa jembe kwenye mfuko, akanipa. «Shika hii.»

Uso ulinichoma. Hata hapa nilikuja na sauti yangu, nimeinywesha tangawizi. Nikainama. Mama alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili, anang'oa kwa mikono, anatupa nyuma, anapumua kwa nguvu. Nikaanza kulima kutoka miguuni kwenda kichwani. Mizizi ilikuwa migumu na udongo ulikuwa umelowa, unanata kwenye chuma.

«Polepole,» Eloge akasema. «Hapo karibu na kichwa kuna mauwa nilipanda. Usikate.»

Nikaweka jembe chini, nikaendelea kwa vidole.